Mlionicheka kwa kukanyaga pedeli baharini, someni hapa

Najua nimekuwa kimya hapa kijiweni muda mrefu na wengine mmeshaanza kusema jamaa kapotea, boksi zimemmeza. Sijamezwa. Nipo hapa hapa Florida, upande wa Tampa, jua kali kama la Pangani, ila dafu moja bei yake ukiisikia unaweza kulia. Nilikuwa sina la kuandika tu. Sasa ninalo, na mmenipa nyinyi wenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilituma picha kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Niko baharini, nimeketi kwenye kitumbwi cha plastiki cha kijani, kofia kichwani, ufito wa kuvulia mkononi, na miguu yangu iko juu ya pedeli. Nilidhani mtaniuliza samaki. Thubutu! Ba mdogo akatuma ujumbe wa sauti wa dakika 3, dakika mbili na nusu ni kicheko, zilizobaki anasema: mtoto wa Pangani, mjukuu wa nahodha, leo anaendesha baiskeli majini kama mtalii! Shangazi akaongeza kwamba uzungu ukimwingia mtu hata mikono inasahau kazi. Watoto wa shangazi nao wakajaza vikatuni vya baiskeli mpaka simu ikawa inatetemeka mfukoni niko kazini. Katikati ya kelele hizo binamu yangu mmoja, simtaji kwa kuwa mnamjua, akaniandikia pembeni: "Kaka, hiyo kitu ni biashara. Nitumie mbili, moja tuvulie, moja tukodishe watalii."

Kwa hiyo nina kesi mbili mezani. Wanaocheka, na anayetaka mbili. Nawaambieni mapema kabisa kwamba wote mmekosea, tena kosa lenu ni moja. Mmekiangalia chombo, hamkuyaangalia maji kinamoelea wala mtu aliyekaa ndani yake.

Nianze na mtu. Kuna jambo sikuwahi kuwaambia, mama peke yake ndiye anajua.

Nilifika Marekani mwaka 2009. Kazi ya kwanza, ghala. Kazi ya pili, ghala. Kazi ya tatu, msinicheke tena, ghala. Sisi tulipokuwa nyumbani tulisema mtu wa majuu "anabeba boksi" kama utani. Mimi nimebeba kweli kweli. Zamu ya usiku, boksi la kilo 20 na zaidi linatoka kwenye mkanda linakwenda rafu iliyo juu ya kichwa, miaka 9. Mwaka 2018 bega la kulia likagoma. Daktari akasema kano za bega zimechanika, si zote, lakini zinatosha. Akanipa mazoezi ya kunyoosha na onyo la kutorudia rudia kazi ya kuinua mkono. Nashukuru Mungu nikahamishiwa kwenye foklifti, la sivyo hata zile pesa za Idi mngezisikia redioni.

Wakati huo nilikuwa na kayaki ya kawaida, ya mtumba, nimeinunua dola 250. Kwa wasioijua, kayaki ni kitumbwi chembamba cha mtu mmoja, na kafi lake lina jani huku na huku, unachovya kulia, unachovya kushoto. (Ndugu zetu wa bara mnaita kila kitu kasia. Mvuvi wa kwetu atakwambia kasia ni lile refu linalofungwa ubavuni mwa chombo, la kushika mkononi ni kafi. Basi tuendelee na kafi.) Jumapili nilikuwa natoka Fort De Soto, pale mdomoni mwa ghuba ya Tampa, kuna visiwa vya mikoko na maji ya kijani ambayo ukifumba jicho moja utadhani uko Mkwaja. Lakini baada ya bega kuharibika, masaa mawili ya kupiga kafi yalikuwa yananigharimu siku tatu za kulala upande mmoja. Nikaacha. Mwaka mmoja na nusu sikugusa bahari, na ninaishi dakika 25 kutoka baharini. Mliolelewa na mimi mnajua hiyo ni adhabu gani.

Aliyenirudisha ni jirani yangu, mzee wa Puerto Rico, naye mtu wa visiwani. Aliniona nimeegemeza kayaki ukutani inaota utando wa buibui, akaniuliza, nikamwonyesha bega. Jumamosi iliyofuata akanipa yake ya pedeli nikajaribu. Nilikanyaga asubuhi nzima. Kesho yake niliinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia bila kukunja uso. Miezi minne baadaye nikanunua ya kwangu, mtumba nayo, dola 1,100, na mke wangu alinuna wiki nzima.

Kwa hiyo Ba mdogo, ukicheka, cheka ukijua unachocheka. Mikono haikusahau kazi. Mikono iliimaliza kazi, kwenye rafu za watu.

Haya, tuje kwenye chombo chenyewe, maana naona wengi mnadhani tumefunga baiskeli juu ya mtumbwi kwa kamba. Mitambo iko ya aina mbili. Ya kwanza ina mapezi mawili chini ya maji yanayopepea kulia na kushoto kama mabawa ya pengwini anapoogelea. Mguu mmoja unasukuma mbele, mwingine unarudi, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amekaa. Hiyo ilitolewa mwaka 1997 na kampuni ya Hobie ya California, wao wanaiita MirageDrive, na mbunifu wake ni Greg Ketterman. Kwa miaka mingi mtambo huo ulikwenda mbele tu, haukujua kurudi nyuma, mpaka walipotoa mpya unaoweza kugeuza mapezi yake. Aina ya pili ina feni chini, propela, na pedeli zinazunguka kama za Phoenix ya babu. Ukikanyaga mbele unakwenda mbele, ukikanyaga nyuma unarudi nyuma. Yangu ni hii ya feni. Usukani uko nyuma, unaugeuza kwa kishikio kidogo mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hauna kazi yoyote isipokuwa kuvua.

Na hapo ndipo penye hoja yangu. Mkono hauna kazi isipokuwa kuvua.

Fikirieni mvuvi mmoja kwenye kayaki ya kafi. Ameona mzizi wa mkoko ambako anajua kuna samaki wanayemwita snuku, yule mwenye mstari mweusi ubavuni kuanzia kichwani hadi mkiani. Anaweka kafi magotini, anarusha chambo. Upepo haungoji. Wakati anarusha, kayaki inageuka, inasogea, mara iko juu ya wale samaki, wamekimbia. Au samaki kala, na snuku akila jambo la kwanza anarudi mizizini kukukatia mshipi. Sasa jamaa ana ufito mkono mmoja na kafi la mikono miwili. Hesabu haitoki! Mimi hapo nakanyaga nyuma taratibu, kayaki inarudi kinyume, samaki anatolewa mizizini hata kabla hajaamua. Nikitaka kusimama mahali pamoja dhidi ya mkondo, nakanyaga kidogo kidogo, mikono iko na ufito. Huo ni uvivu? Tena ba mdogo wewe mwenyewe ukienda Maziwe unakwenda na vijana wawili kwenye ngalawa. Mmoja anashika shikio, mwingine anashughulika na tanga, wewe unavua. Vijana wangu ni miguu yangu, na hainiombi mgao.

Halafu kuna hili la nguvu. Misuli mikubwa ya binadamu iko mapajani na makalioni, Mungu ndipo alipoiweka, sikuiweka mimi. Anayetaka kujua mguu unafanya nini majini asome habari za wanafunzi na wahandisi wa chuo cha MIT, ambao mwaka 1991 walitengeneza chombo walichokiita Decavitator, mtu mmoja juu yake anakanyaga pedeli tu, hakuna injini, na kikaruka juu ya mto Charles pale Boston kwa noti 18.5, ambayo ni kama kilomita 34 kwa saa. Mtu wa kafi hajawahi kufika huko hata awe nani. Kweli, kile hakikuwa kitu cha kuvulia, kilikuwa na mabawa chini ya maji na feni kubwa hewani, ukikipa ndoo ya chambo kinazama. Nakitaja kwa sababu ya wale wanaosema miguu ni ya wazembe.

Maana si nyinyi peke yenu. Huku pia wapo. Siku moja niko pale pa kuteremshia vyombo, mzee mmoja wa hapa akaniangalia nikifunga pedeli, akasema kwa sauti ili wenzake wasikie kwamba hiyo si kayaki, hicho ni kitu cha kuchezea. Anasema mtu wa kweli anapiga kafi, kama walivyofanya wenyewe wa asili. Nikamtazama. Wenyewe wa asili wa kayaki ni watu wa kaskazini kwenye barafu, Wainuiti wa Greenland na Kanada, na Waaleuti wa visiwa vya Alaska. Waliunda kiunzi kwa magogo yaliyoletwa na bahari na mifupa ya nyangumi, wakakivika ngozi ya sili, wakatoka na chusa kwenda kuwinda chakula cha watoto wao kwenye maji ambayo ukianguka huna dakika nyingi. Walitumia kafi kwa sababu lilikuwa kimya, sili hasikii, na kwa sababu kwa kafi mtu aliyepinduka anaweza kujipindua tena akakaa sawa bila kutoka ndani. Hiyo ni akili kubwa sana na naiheshimu. Lakini yule mzee kayaki yake ni ya plastiki iliyotoka kiwandani, kafi lake ni la nyuzi za kaboni, anakwenda nayo juu ya gari lenye kiyoyozi, na samaki akimpata anampiga picha anamrudisha majini. Katika vyote hivyo hakuona kasoro ya asili, akaiona miguuni kwangu tu. Jamani!

Sikumwambia hayo, Kiingereza changu kikiwa na hasira kinaniacha njiani. Ndiyo maana nayaandika hapa.

Haya sasa, msije mkadhani mimi ni wakala wa wauzaji. Maana hao nao wana maneno yao. Ukiwasikiliza, kayaki ya pedeli inakwenda kila mahali, inapita kila maji, na mwenye kafi ni mtu wa zama za mawe. Waongo. Au tuseme wanauza.

Uzito kwanza. Ile kayaki yangu ya kafi niliinyanyua mwenyewe. Hii ya pedeli na mtambo wake inapita kilo 50, na hiyo ndiyo hali ya nyingi za kuvulia za aina hii. Siwezi kuipandisha juu ya gari bila msaada, nimenunua kigari cha magurudumu mawili ya kuivuta mchangani, na siku mchanga ukiwa laini natukana kwa Kizigua ili majirani wasielewe. Halafu bei. Ya kafi unapata mpya kwa dola mia kadhaa. Za pedeli zenye jina zinaanza kama dola 2,000, na kubwa zinavuka 4,000. Kwa pesa hiyo huku unanunua gari bovu, huko unanunua kiwanja mahali fulani mbali na barabara.

Na kasi? Wanaosema pedeli ina kasi kuliko kafi wanachanganya mtambo na umbo. Kayaki ya kuvulia ni pana, karibu sentimita 90, imetengenezwa mtu aweze kusimama juu yake. Kayaki ya bahari ya kafi ni ndefu, mita 5, na upana wake hauzidi sana sentimita 55. Hata miguu yangu ingekuwa ya mwanariadha, yule mwenye kile chembamba ananipita huku anapiga soga. Tena anayejua kafi hapigi kwa mikono. Anazungusha kiwiliwili kizima, tumbo na mgongo, na miguu inasukuma. Babu alikuwa anatuambia "usipige kwa mkono, piga kwa tumbo" na sisi tukacheka. Mimi nilipiga kwa mkono miaka yote, na huenda bega nalo lilikuwa linaandika deni tangu wakati huo.

Na maji mafupi. Pale Weedon Island, upande wa St. Petersburg, kuna njia za mikoko, matawi yamekutana juu kama paa la makuti, unapita chini yake. Pazuri mno. Siku nilipokwenda na pedeli nilijuta. Feni inagusa tope, inanyonya nyasi za bahari, mzizi unakwaruza usukani. Nikainua mtambo, nikapita kwa kafi fupi kama kila mtu, bega likilalamika, na nyuma yangu kuna mama mmoja na mwanawe kwenye kayaki ya bei rahisi wanasubiri nisogee. Sijarudi tena na pedeli kule.

Sasa nikiri moja, na najua Ba mdogo atalirusha kwenye kundi, basi alirushe. Mwezi wa tatu mwaka jana nilitoka Fort De Soto bila kafi kabisa. Kwa maringo tu. Nilisema kafi la nini, mimi ni mtu wa pedeli. Nikiwa mbali na ufukwe, mshipi wangu mwenyewe, nilioulegeza bila kuangalia, ukaingia kwenye feni ukajisokota. Pedeli ikagoma, si mbele si nyuma. Upepo wa mashariki umeamka, na mashariki pale maana yake unasukumwa kwenda bahari kuu. Nikainua mtambo ndani ya kayaki, nikatoa kisu, nikaanza kukata nyuzi moja moja. Dakika 40. Kila nikiinua kichwa ufukwe umekuwa mdogo zaidi. Nilipoona kisu hakimalizi upesi nilichukua kifuniko cha boksi la barafu nikapiga nacho kafi, kulia kushoto, kulia kushoto, kwa bega hili hili, mpaka nikaingia kwenye kivuli cha kisiwa ambako upepo ulikuwa mdogo. Hapo nikamaliza kukata. Nikakanyaga kurudi. Sikuvua kitu siku hiyo na nyumbani nilisema samaki hawakula.

Tangu siku hiyo kafi liko ndani, limefungwa kwa kamba ubavuni, hata nikienda hatua mia. Hilo ndilo jambo pekee ambalo yule mzee wa asili angeniambia nikamsikiliza.

Mnaopenda ushindani lakini, wacha niwape hawa wawili mnyamaze kidogo. Mwaka 1994 Waingereza wawili, Jason Lewis na Steve Smith, walitoka Lagos (ile ya Ureno, si ya Naijeria) kwenye mashua ya mbao inayokwenda kwa pedeli, jina lake Moksha. Wakakanyaga kwa zamu, mmoja analala mwingine anakanyaga, siku 111, wakatokea Miami mwaka 1995. Lewis akaendelea, ardhini kwa miguu na baiskeli na viatu vya magurudumu, baharini kwa pedeli, njiani akagongwa na gari huko Colorado akavunjika miguu yote miwili, akapona, akaendelea kukanyaga. Aliizunguka dunia nzima akamaliza mwaka 2007. Miguu iliyovunjika, hiyo!

Wa pili ni mzee wa Kipolandi, Aleksander Doba. Huyu ni wa kafi. Alitoka Lisbon mwaka 2013 peke yake kwenye kayaki ya mita 7, akaikata Atlantiki kwa mikono, akatua New Smyrna Beach, hapa hapa Florida, Aprili 2014, umri wake miaka 67. Ilikuwa mara yake ya pili. Mwaka 2017 akaikata tena kutoka Marekani kwenda Ufaransa, akafika akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka 71. Na mnajua mzee huyu alifia wapi? Kwetu. Februari 2021, juu ya Kilimanjaro, kileleni. Alifika, akaketi, akafa. Mimi nikisoma habari yake nilikaa kimya muda mrefu.

Mmoja miguu, mmoja mikono, wote bahari ile ile, wote wametia nanga kwenye jimbo ninaloishi. Nani kati yao alikuwa mvivu, Ba mdogo? Nasubiri ujumbe wa sauti.

Sasa wewe binamu. Umesubiri kwa adabu, na jibu lako ni hapana. Nisikilize kabla hujanuna.

Huku Tampa maji yakipwa na kujaa tofauti haifiki mita moja. Nikitoka asubuhi na kurudi saa nane, ufukwe uko pale pale nilipouacha. Huko kwetu siku za bamvua maji yanashuka zaidi ya mita 3. Unajua mwenyewe. Unaondoka bahari iko mlangoni, unarudi iko kule, na katikati ni mchanga, matope, mawe na mwani wa kina mama. Utaivuta kilo 50 na kitu pamoja na samaki na kigari cha magurudumu juu ya matumbawe? Watu wa kwetu wana pondo na wana miguu ya kutembea majini, na mtumbwi ukikwaruza mwamba unapigwa kiraka jioni. Feni ikigonga mwamba, kipuri chake kiko Marekani. Pini ndogo tu kama kijiti cha meno, ikikatika, wewe una bakuli la plastiki la dola elfu mbili limekaa uani kuku wanataga humo.

Tena hiyo inabeba mtu mmoja. Ngalawa inabeba wanne, nyavu, na mitumba ya dagaa wakijaliwa, ina mikono yake huku na huku haipinduki ovyo, na tanga halili chakula. Nenda kwa fundi pale ng'ambo Bweni, muulize bei ya ngalawa mpya na tanga lake, halafu uizidishie hii. Na kusi likivuma pale mlangoni mwa mto, mawimbi yanavunjika, unataka kafi la kuegemea majini usipinduke, pedeli haikusaidii kitu. Umenielewa?

La watalii, nakubali, mtoni juu kule kumetulia, kina kipo, minazi na mikoko, watapenda. Ila kwa bei ya moja ya pedeli unapata nne au tano za kafi za kawaida, na mtalii kaja kupiga kafi apige picha. Anza na mbili za kafi. Hizo nitachangia moja, ukinionyesha kwanza nusu yako. Halafu muulize Mzee wa kivuko kuhusu mamba kabla hujaandika bango.

Kitu ninachotuma badala ya kayaki ni hiki. Huku sheria inataka kila aliye kwenye chombo, hata kwenye kitumbwi changu cha kuchezea, awe na jaketi la kuokolea ndani ya chombo, na filimbi. Mimi siku ile ya kifuniko cha boksi la barafu nilikuwa nimelivaa, na ndilo lililonifanya nikate nyuzi bila kutetemeka. Ba mdogo miaka 40 anakwenda Maziwe hana. Vijana wake hawana. Nimenunua manne, kuna mtu anakuja Dar mwezi ujao kakubali kuyabeba, dada atayapokea na kuyapandisha basi la Tanga.

Ni ya rangi ya chungwa. Ba mdogo, lako lina jina lako kwa kalamu nyeusi mgongoni. Si la kulalia barazani, na picha nitaitaka uko majini.

Zamu inaniita, foklifti haijiendeshi. Wasalimieni wote, na bi mkubwa mwambieni nitapiga Ijumaa.